Mita Moja Kitandani kwa Mama

Tangu tepe ya kupimia kiwanja ilipopita juu ya kitanda chake, mama yangu alianza kulala sebuleni kwangu. Hakuna aliyemwambia ahame. Alibeba godoro mwenyewe, akalilaza nyuma ya kochi, na nilipomuuliza akasema chumba chake kimeingia baridi. Chumba chenye dirisha linalopokea jua la asubuhi, hapa Gahanga, Kigali, mwezi wa tisa. Baridi gani.

Nieleze tulivyokaa, maana bila hilo mambo mengine hayataeleweka. Kiwanja chetu kiko ubavuni mwa mlima. Juu kuna barabara ya udongo, chini ya barabara kuna nyumba yangu, na chini kabisa, karibu na ua wa imiyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo watu wa hapa huipanda kwenye mipaka, ndipo kilipo chumba cha mama. Mama, Mukashema jina lake, alikulia Karagwe, Tanzania, akaolewa huko, akazeeka kwenye nyumba za watu. Tuliporudi nchini kwetu nilimjengea chumba hicho kwa mshahara wangu wa ualimu, tofali kwa tofali. Siku ya kwanza aliomba nyundo, akapigilia msumari ukutani juu ya kitanda, akatundika rozari yake. Kisha akakaa akiutazama ule msumari. Akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kupigilia msumari bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa rozari ilikuwa mfukoni mwake. Nilipochungulia chumbani nilikuta ameung'oa na msumari.

Chanzo cha yote ni Nasiri, na nasema hivyo nikijua kwamba Nasiri ni mtu mwema, jambo lililonikera zaidi. Mtu mbaya ungempigia kelele ukalala usingizi. Nasiri ni mshonaji, ana duka dogo Remera, na babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akaoa hapa. Alinunua kiwanja kilicho chini yetu miaka michache iliyopita, na tangu hapo yeye na mama walizungumza Kiswahili juu ya ua karibu kila asubuhi, mama akidai Kiswahili cha Karagwe ndicho safi, Nasiri akicheka mpaka anakohoa. Wakati wa Ramadhani tulikula sambusa zake kuliko Waislamu. Mama naye alimpelekea maziwa ya mgando. Tepe ile iliua na mazungumzo hayo.

Nasiri alitaka kung'oa imiyenzi ajenge ukuta wa matofali. Fundi wake akamshauri kwamba ua wa mimea hauaminiki, mimea hutanuka na watu huisogeza, kwa hiyo wapime kutoka barabarani, maana barabara haitembei. Wakaja wote: Nasiri, fundi, na Nizeyimana, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kijiji chetu, ili awe shahidi. Niliwapa mchoro wa kiwanja bila wasiwasi. Mchoro unasema kutoka barabarani hadi mpaka wa chini ni mita ishirini na nne. Nikashika mwisho wa tepe mimi mwenyewe, kwenye jiwe la mpaka la juu, na fundi akateremka nayo ikilala chini juu ya udongo, ikapita ubavuni mwa nyumba, ikapita bustani ya mboga, mpaka ikasoma ishirini na nne. Akachoma kijiti hapo.

Kijiti hakikufika kwenye ua. Kilisimama usawa wa chumba cha mama, na ukivuta mstari kutoka kwenye kijiti kupita ndani, unakata kitanda katikati kwa urefu wake. Ukuta wa nyuma, nusu ya kitanda na msumari wa rozari vilibaki upande wa Nasiri. Hadi kwenye ua, tepe ilisoma ishirini na tano kamili.

Nasiri hakufurahi, nimpe haki yake. Alikuna kichwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi msibani: "Mwalimu, tepe haina chuki na mtu. Karatasi iko inasema ishirini na ine, tepe iko inasema ishirini na tano. Hiyo moja imetoka kwangu."

Nilikasirika. Kesho yake nilipima tena kwa tepe niliyoazima shuleni, nikiomba Mungu ile ya fundi iwe imechakaa. Ikaja ileile. Nizeyimana alisema shauri litasikilizwa kwenye mkutano baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wakishindwa kuelewana litakwenda kwa wapatanishi wa kata, huku mpimaji wa serikali akisubiriwa. Nasiri alikwisha agiza matofali. Mama alisikia yote hayo kutoka mlangoni, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amekumbatia godoro.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafundisha shule moja ya sekondari kule Kagarama, na wanafunzi wananiita jina ambalo wanadhani silijui, kwa sababu ya hasira zangu. Wiki ile nilistahili hilo jina. Tulikuwa kwenye pembetatu zenye pembe mraba, somo nililofundisha mara nyingi kiasi cha kuweza kulitoa usingizini: ukipewa pande mbili, tafuta ya tatu. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Lakini ukipewa upande mrefu, ule ulioinama unaotazama pembe mraba, basi hujumlishi, unatoa. Kila mwaka nusu ya darasa husahau kutoa.

Siku hiyo nilimwita ubaoni Ikirezi. Ikirezi ni binti wa Nasiri. Nataka kusema sikumchagua kwa makusudi, lakini macho yangu yalikuwa yakimtafuta tangu Jumatatu. Nilimchorea kitu kinachofanana na ubavu wa mlima: upande ulioinama kumi na tatu, wima tano, tafuta wa chini. Akajumlisha, kama wanavyofanya wote. Akapata upande wa chini ni kumi na nne kasoro.

Nikamfokea. Nilimwambia autazame mchoro wake, upande wa chini umeushinda ule ulioinama, na aniambie ni dunia gani hiyo. Wanafunzi wakatazamana. Walijua habari ya ua, Kigali ni mji mdogo kuliko unavyojiona. Nikachukua kamba tunayochorea miduara, nikaivuta juu ya upande wa chini kutoka kona hadi kona, nikabana ncha zake kwa vidole. Kisha nikaweka ncha moja kwenye kona ya juu ya mlima na kuilaza kamba ileile juu ya upande ulioinama.

"Unaona?" nikasema. "Haifiki. Kamba ya upande wa chini ukiilaza kwenye mteremko, inakwama kabla ya kufika."

Ilikwama upana wa kiganja kabla ya kona. Nilikuwa na sentensi nyingine ya ukali tayari mdomoni, na sijui ilikwenda wapi. Nilisimama nimeshika kamba, nikitazama kile kipande cha mstari mweupe ambacho kamba haikukifikia, na nikamwona fundi ameinama na kijiti chake.

Nifanyeje niwaeleze? Miaka yote hiyo nilidhani pembetatu zinaishi vitabuni. Nilizikuta huko, nikazitoa kwa mwanga wa chaki, nikazirudisha. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya moja na nikajua kwamba mama yangu alikuwa akilala juu yake. Karatasi ya kiwanja haijui mlima. Inautazama mlima kutoka juu kabisa, inauona bapa, na inaandika ule upande wa chini, ule ambao hakuna mguu uliowahi kuukanyaga kwa sababu uko ndani ya ardhi, chini ya nyumba, chini ya mizizi. Sisi tulichukua tepe tukapima mteremko. Ishirini na nne na ishirini na tano. Zote mbili kweli, wala hakuna aliyeiba kitu. Nasema wazi kwamba niliogopa, woga ule unaokupata ukiingia mahali patakatifu ukakumbuka hujavua viatu.

Nikamwambia Ikirezi aketi. Kisha nikamwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo darasa lile litalisimulia mpaka wajukuu. Kengele ilipolia yeye hakutoka. Alikuja mezani kwangu, akanyoosha kidole kwenye kipande kile cha mstari ubaoni.

"Ticha, hii ndiyo ile mita ya baba?"

Nikamwambia ndiyo. Alikitazama kipande kile muda mrefu, midomo ikicheza, na uso wake ukabadilika polepole kama wangu ulivyobadilika. Halafu akasema kwa huzuni kwamba baba yake hataamini ubao. Anaamini tepe yake ya shingoni tu.

Nikiwa kwenye pikipiki narudi nyumbani niliitazama Kigali kana kwamba nimeshushwa jana. Mji huu hauna mahali tambarare isipokuwa pale mashine zilipopasawazisha. Milima upande huu, milima upande ule, na kila ubavu umejaa paa, na chini ya kila paa kiwanja ambacho ni kikubwa kuliko karatasi yake. Nilijaribu kuinyoosha nchi nzima kichwani, mlima baada ya mlima, niione ingefika wapi ikilazwa chini, na nikashindwa. Dereva aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia aangalie barabara.

Jioni hiyo nilikwenda kwenye ua kumweleza Nasiri. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hueleza vibaya. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, tepe yake ikining'inia kifuani.

"Mwalimu, mimi siko mtu wa shule," akasema. "Lakini hesabu ikikupatia haki wewe, nani ataikagua? Ni wewe tena."

Nilirudi ndani nimenuna, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Mama alikuwa kwenye kochi na rozari yake. Nilimwambia nimepata jibu, chumba ni chake. Akaniuliza kama Nasiri amekubali. Nikasema bado. Akarudi kwenye sala zake, na usiku huo pia hakurudi chumbani. Hapo nikaelewa kwamba hakuhitaji mimi niwe sahihi. Alihitaji jirani yake aseme.

Kwa hiyo nikaenda kwa seremala, nikamwomba ubao mmoja mwembamba, mnyoofu, wenye urefu wa sentimita mia mbili na arobaini. Aliniuliza ni wa nini. Nikasema ni kiwanja changu, kimegawanywa kwa kumi. Akaniangalia vile watu wanavyowaangalia walimu wa hesabu.

Jumamosi ya umuganda tulichimba mfereji kando ya barabara kabla mvua hazijashika kasi. Tulipoweka majembe chini, jua lilikuwa limepanda, mbingu nyeupe, na watu wakakaa kwenye ukingo wa nyasi mbele ya kiwanja chetu. Nizeyimana alisema mambo ya usafi na ya bima ya afya, kisha akafika kwetu. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwangu, amejifunga mtandio wake wa kanisani, kama anayesubiri hukumu. Nasiri alisimama akasema yake, kwa kifupi na bila kumtukana mtu. Watu walitikisa vichwa. Évode, jirani aliye chini ya Nasiri, mtu wa mzaha, alisema kwa sauti kwamba walimu huiba hata mita. Wakacheka.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kabla sijafungua mdomo, Ikirezi akasimama katikati ya wasichana wenzake.

"Baba, tupime na kwetu," akasema.

Nasiri alimtazama kana kwamba amemmwagia maji. Lakini kukataa mbele ya watu kungesemaje? Viwanja vya mstari ule vyote vilikatwa sawa, karatasi yake nayo inasema ishirini na nne. Fundi akashika tepe kwenye ua wa imiyenzi, akateremka nayo juu ya udongo, akapita ubavuni mwa nyumba ya Nasiri, hadi kwenye jiwe la mpaka la chini. Akasoma. Akainama akasoma tena. Ilikuwa ishirini na tano, kasoro vidole viwili.

Évode alicheka peke yake, akisema mwizi ameibiwa na mwizi. Nizeyimana, ambaye ni mtu wa taratibu, akaamuru tepe iendelee kwa Évode. Karatasi ishirini na nne. Tepe ishirini na tano na kidogo. Évode aliacha kucheka, na mke wake akaanza.

Sasa mkutano mzima ulikuwa umesimama. Watu walishuka na tepe kiwanja hadi kiwanja, wengine wakakimbilia majumbani mwao kuleta karatasi zao, na kila ilipolala tepe kwenye mteremko, ardhi ilizidi. Wengine wakasema karatasi zote zimekosewa. Wengine wakasema tepe ni mbovu. Nizeyimana alivua kofia akajifuta jasho.

"Ariko, lakini," akasema, "kama kila mtu hapa ni mwizi, mwenye kuibiwa iko wapi?"

Watu wakatazamana. Ni vilevile darasa langu lilivyotazamana siku ile, ila hawa walikuwa watu wazima wenye matope magotini. Nikaenda kuleta ubao wangu.

Nilichagua kinjia kilichonyooka kando ya nyumba, mahali ambapo miguu ya mama imelainisha udongo. Ncha moja ya ubao niliigusisha chini upande wa juu, na fundi akaweka pimamaji juu yake, akainua ncha ya pili mpaka kile kipovu kikatulia katikati. Ubao ukakaa sawasawa, ncha ya chini ikielea hewani. Nikawaambia: hivi ndivyo karatasi inavyoona. Karatasi inapima ubao huu, haipimi udongo. Kisha nikamwomba Nasiri apime kwa tepe yake ya shingoni kutoka kwenye ncha inayoelea hadi chini.

Akaivua tepe kama anayevua kitu cha heshima. Akaishusha wima, akaibana udongoni kwa kidole gumba. Sabini, akasema.

Ikirezi alikuwa amekwisha chuchumaa. Aliandika kwa kijiti kwenye udongo laini: mia mbili na arobaini, sabini, na pembeni akachora ile pembetatu. Hapo akasita. Nilimwona akiinua macho kunitafuta, na nikageuza uso kwa makusudi. Kujumlisha au kutoa. Aliweka kiganja chake juu ya udongo ulioinama, akaupapasa kutoka ncha hadi ncha, polepole. Ule ndio mrefu, na ule ndio tusioujua. Akajumlisha. Elfu nne na mia tisa, na elfu hamsini na saba na mia sita. Watu waliinama juu yake wakifuatilia tarakimu, hata wale waliotoroka shule utotoni.

"Udongo utakuwa mia mbili na hamsini," akasema. "Baba, pima."

Tepe ya mshonaji inaishia mia na hamsini. Nasiri aliilaza kwenye udongo kutoka ncha ya juu, akaweka alama kwa ukucha, akaihamisha. Nilijua jibu. Nimelijua tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na bado nilikodoa macho, kwa sababu haikuwa lazima mlima ukubali. Mlima haujasoma. Nani aliuambia? Kidole gumba cha Nasiri kilisimama kwenye mia, chini ya ncha ya ubao. Mia na hamsini na mia.

Akapima tena. Akapima mara nyingine kutoka chini kwenda juu. Kisha akabaki amepiga magoti pale.

Sauti iliyofuata ilitoka mlangoni. Mama alikuwa ameinuka kwenye kiti.

"Tazameni kivuli," akasema.

Ilikuwa saa sita. Mwisho wa mwezi wa tisa, hapa kwetu, jua la saa sita husimama juu ya utosi kabisa, na vivuli vyetu sote vilikuwa vimejikusanya chini ya viatu, hakuna mtu aliyekuwa na kivuli cha kumtosha hata kuku. Lakini kivuli cha ubao kilikuwa kimelala kwenye mteremko, cheusi, kimenyooka, kutoka pale ncha inapogusa ardhi hadi chini ya ncha inayoelea, juu ya ule udongo ambao Nasiri alikuwa ametoka kuupima. Ubao mia mbili na arobaini. Kivuli chake mia mbili na hamsini. Saa sita mchana, saa ambayo kila kitu hubaki bila kivuli, ubao ule ulikuwa na kivuli kirefu kuliko wenyewe.

Sikuwa nimelipanga hilo. Naapa sikuwa nimelipanga. Nilikuja na ubao na tepe, jua lilikuja lenyewe. Nizeyimana alishika kifua. Watu walisogea, wakainamia kivuli, mmoja akakigusa kwa kidole kana kwamba kitakimbia. Nikasema kwamba anayechora karatasi anatutazama kutoka pale jua lilipo, na akitazama kutoka pale anaona ubao. Sisi tunaishi kwenye kivuli. Karatasi haijakosea, tepe haijakosea, na ubao huu ukiurudia mara kumi unafika kwenye ua, na kila mara kivuli kinazidi sentimita kumi, na hiyo ndiyo mita.

Nasiri aliinuka. Alikunja tepe kwenye vidole taratibu, kama anavyofanya dukani akimaliza kumpima mteja, akapanda hadi mlangoni kwa mama yangu.

"Mama," akasema, "mita yako hakuna mtu alichukua, na yangu hakuna mtu alichukua. Mimi ndiye nililaza tepe vibaya. Unisamehe."

Mama alimtazama. Akamwambia kwamba Kiswahili cha pwani kimemharibu akili, angejifunza cha Karagwe asingepata shida hizi. Nasiri alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikageukia ukuta nikalia, bila aibu, mbele ya mudugudu mzima na mwanafunzi wangu.

Godoro alilibeba Nasiri, kichwani, likimfunika macho, Ikirezi akimwongoza kwa mkono kuteremka kile kinjia. Mama alishuka nyuma yao akiniegemea begani. Katikati ya mteremko alisimama kuvuta pumzi, kama kawaida yake, akaniuliza ile mita iko wapi hasa, maana angependa kuiona. Nikamwambia haiko mahali pamoja. Imegawanyika kwenye kinjia chote, kidogo kidogo, kila anapoweka mguu ipo.

Alifikiri juu ya hilo akitazama miguu yake.

"Kwa hiyo kila nikipanda kanisani, karatasi inanihesabia ishirini na nne, na magoti yanakwenda ishirini na tano."

Nikamwambia ndivyo.

"Na mimi nilidhani ni uzee," akasema.

Chumbani tulitandika shuka. Ikirezi alifungua dirisha, na upande wa pili wa imiyenzi tukamsikia Nasiri akimwambia fundi wake kwamba ukuta utafuata ua, na kama matofali yatabaki, yabaki. Mama alitoa rozari mfukoni, na msumari, uliokunjwa kwenye kitambaa. Akanituma nyundo. Nilipoileta nilijitolea kupigilia mimi, nikakataliwa kwa jicho. Alipanda kitandani kwa magoti, akalitafuta tundu la zamani kwa kidole, akaweka msumari mlemle, akagonga.